Safu ya Maelezo

Miaka thelathini na moja nimetengeneza karatasi
katika kiwanda cha Kemi, kando ya bahari inayoganda,
mashine namba tatu, zamu ya usiku,
marobota kwa marobota yakipakiwa melini
kwenda kwa watu wenye la kuandika.
Mimi sikuandika hata barua.
Kadi za Krismasi alizitia saini Urho, kwa niaba yetu wawili.

Kisha nikapewa daftari dogo la kijani:
tarehe, saa, kiwango cha sukari, uniti za insulini,
na pembeni kabisa, safu nyembamba kama ufito,
juu yake imeandikwa: Maelezo.
Miaka minne safu ile ilikaa tupu.
Namba nazo, nikiri tu, nyingi zilikuwa za uongo.
Usiku wa kuamkia kliniki niliketi na kalamu tatu,
ili wino usifanane,
nikazipanga: sita nukta moja, saba kamili, sita nukta nane,
safi kama soksi zilizokunjwa.
Damu yangu haikuwa na habari.

Muuguzi Marketta si mjinga.
Aligeuza kurasa polepole, kama anayekagua samaki sokoni,
akasema: "Rauni, hizi namba zina afya kuliko wewe."
Sikucheka. Akavuta kiti.
"Andika robo saa. Si namba. Andika lililokukaa.
Hakuna atakayesoma.
Ukitaka, washia moto wa sauna."

Nyumbani nikavua mabuti, nikakagua nyayo kwa kioo,
maana siku hizi miguu haileti tena habari ya msumari.
Saa nane mchana, kiza tayari.
Nikaandika: Sina la kuandika.
Nikaandika tena: Sina la kuandika.
Mara ya tatu mkono ukaandika: Mama.

Mama alikatwa mguu wa kushoto mwaka nilioolewa.
Ni mimi niliyempelekea mkate mtamu wa iliki
kila Jumamosi, kwa kuwa alitabasamu.
Donge hilo nimelimeza tangu hapo,
na siku waliponiambia "ni kisukari" sikulia,
nilisema moyoni: hukumu yangu hii, imechelewa tu.
Nilificha maradhi.
Kilio kilikawia njiani, hakikunisahau.

Robo saa ikawa saa nzima. Karatasi ililowa mahali pawili.
Nikapima: kumi na tatu nukta nne.
Sitaki kudanganya tena: wino haukuishusha sukari.
Lakini niliiandika ilivyo, kumi na tatu nukta nne,
kwa kalamu moja.

Sasa nina kalamu mbili mezani, karibu na kikombe.
Moja ya insulini, huingiza: uniti kumi na mbili, tumboni.
Nyingine ya dukani, ya senti themanini, hutoa.
Alfajiri, nusu usingizini, nazichanganya,
nashika hii nikitaka ile.
Kuna usiku sukari inaporomoka: jasho, ulimi mzito,
nakunywa juisi ya beri mlango wa jokofu ukiwa wazi,
na kabla dunia haijarudi mahali pake naandika
maneno yaliyopinda, ambayo asubuhi siyaelewi:
"Urho mlango baridi tamu."
Siyafuti.

Juzi Marketta aliuliza: "Jumanne hii, kumi na saba?"
"Kumi na saba."
"Ilikuwaje?"
Safu ya Maelezo imefurika siku hizi,
mishale inatoka humo, inazunguka jalada,
inaelekea daftari jingine, la mistari mipana,
ambalo sikuja nalo.
"Imeshaelezwa," nikamwambia.
Akaandika kumi na saba. Nikavaa mabuti.